MAGARI: Jinsi ya kupima na kurekebisha mianya ya valvu katika injini iliyochakaa

WAHENGA walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo inaafiki barabara hali ya valvu katika injini ya gari lililotembea kilomita nyingi. Wenye magari wengi hukimbilia kwa fundi wanaposikia injini ikigongagonga upande wa juu, na hutulia tuli inapokuwa kimya. Ilhali valvu inayopiga kelele aghalabu humpa mwenye gari muda wa kujipanga. Ile iliyonyamaza huenda ndiyo inayoungua.

Kupima mianya ya valvu, kazi ambayo mafundi wengi huiita kuseti tapeti, ni miongoni mwa shughuli ambazo mtu mwenye subira anaweza kuifanya nyumbani kwake bila mitambo ya bei ghali. Vifaa vinavyohitajika ni vichache, na kazi yenyewe huchukua saa chache za asubuhi. Manufaa yake ni makubwa, kwa kuwa valvu moja ikiungua, kichwa cha silinda hakina budi kufunguliwa. Kwa mtu anayetegemea pikapu yake kupeleka mboga au maziwa sokoni, hizo ni siku kadhaa bila kipato.

Makala haya yanatumia mfano wa Peugeot 504 yenye injini ya petroli ya cc 1,971 na kabureta. Gari hilo lilizinduliwa Ufaransa mnamo 1968, likaundwa pia Mombasa, na likajizolea sifa nchini Ove Andersson alipolitumia kushinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975. Valvu zake hurekebishwa kwa skrubu na nati, na kwa hivyo ni gari mwafaka la kujifunzia. Kanuni zake zinafaa pia kwa magari mengine, ingawa vipimo hutofautiana.

Kazi ya mwanya

Kila silinda ya injini hii ina valvu mbili. Moja huingiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na nyingine hutoa moshi. Kamshafti inapozunguka, uvimbe wake huinua pushirodi, nayo pushirodi husukuma ncha moja ya roka. Ncha ya pili ya roka hushuka na kuibonyeza valvu ili ifunguke. Springi huirudisha valvu mahali pake.

Valvu hufunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Hivyo basi, injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hufungua kila valvu mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde.

Kati ya ncha ya roka na mkia wa valvu pameachwa upenyo mdogo sana. Huo ndio mwanya. Chuma hutanuka kinapopata joto, na mkia wa valvu hurefuka. Lau pasingekuwapo mwanya, valvu iliyorefuka ingeegemea roka na kukosa kuketi sawasawa kwenye kikalio chake.

Katika Peugeot 504, mwanya wa valvu ya kuingiza ni milimita 0.10 na ule wa valvu ya kutoa ni milimita 0.25, injini ikiwa baridi. Milimita 0.10 ni takriban unene wa karatasi moja ya kawaida ya kuandikia. Valvu ya kutoa hupewa mwanya mkubwa zaidi kwa sababu hupitiwa na gesi iliyokwisha kuungua, na hivyo hupata joto jingi na kutanuka zaidi kuliko mwenzake, ambaye hupozwa na mchanganyiko mbichi unaoingia.

Sehemu kubwa ya joto hilo hutoka kwenye valvu kupitia kikalio, wakati valvu imefungwa. Valvu isiyoketi vyema haipati nafasi ya kupoa. Gesi ya moto hupenya kwenye ukingo wake kama mwali wa mashine ya kukatia vyuma, na baada ya muda kipande cha ukingo huliwa. Hapo ndipo mafundi husema valvu imeungua.

Kwa nini kimya si dalili njema

Katika injini iliyotembea sana, mianya hubadilika kwa njia mbili zinazopingana.

Njia ya kwanza ni kuchakaa kwa ncha za roka, ncha za pushirodi, na uvimbe wa kamshafti. Sehemu hizi zikilika, mwanya hupanuka. Kelele huongezeka, valvu huchelewa kufunguka na kufunga mapema, nguvu za gari hupungua kidogo, na vyuma vinavyogongana huzidi kuumizana. Hata hivyo, valvu bado inaketi na kupoa.

Njia ya pili ni kuchakaa kwa kikalio na uso wa valvu. Hapa valvu huzama ndani ya kichwa cha silinda na mkia wake huinuka kuelekea roka. Mwanya hupungua, kelele hufifia, na injini husikika nzuri kuliko ilivyokuwa. Mwanya ukiisha kabisa, valvu huanza kuachama.

Kwa kuwa mabadiliko haya mawili hutokea kwa wakati mmoja katika injini moja, sikio haliwezi kuamua. Valvu saba zinaweza kugonga na ya nane ikawa imekaza bila mtu kujua. Ndiyo maana desturi ya kukaza skrubu hadi kelele ipotee ni hatari kuliko kuiacha injini ilivyo. Mwenye kufanya hivyo amenunua ukimya kwa gharama ya valvu.

Historia ya petroli nayo ina nafasi yake. Zamani, petroli ilitiwa risasi, na masalio yake yaliacha utando uliokinga vikalio vya valvu. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliafikiana mjini Dakar mnamo Juni 2001 kuachana na petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondolewa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa afya ya watoto na watu wazima. Hata hivyo, injini za zamani zenye vikalio laini zilipoteza kinga hiyo, hasa zinapobeba mizigo mizito au kupanda milima. Mwenye gari la aina hiyo anafaa kupima mianya mara nyingi zaidi.

Vifaa vinavyohitajika

Kifaa muhimu zaidi ni fila geji, yaani kifurushi cha vijibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Iwe na kijibamba cha 0.10 na cha 0.25, pamoja na vile vinavyokaribiana navyo. Vijibamba vilivyopinda au kuota kutu visitumiwe.

Vingine ni spana ya kufungulia plagi, spana inayotoshea nati za skrubu za roka, bisibisi, spana kubwa ya nati ya puli ya krankishafti, tochi, vitambaa safi visivyoacha nyuzi, gasketi mpya ya kifuniko cha roka, daftari na kalamu. Daftari si pambo. Bila maandishi, nusu ya faida ya kazi hii hupotea.

Maandalizi

Vipimo vilivyotajwa ni vya injini baridi. Gari liachwe usiku kucha na kazi ifanywe asubuhi kabla ya kuliwasha. Injini inayohisika vuguvugu kwa mkono haijapoa ndani.

Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao, na gia iwe huru. Waya wa upande hasi wa betri uondolewe ili injini isizungushwe kwa bahati mbaya vidole vikiwa ndani.

Waya za plagi zitiwe alama kabla ya kuchomolewa. Vumbi na mchanga uliokusanyika kando ya plagi upulizwe utoke, maana chembe ikianguka ndani ya silinda itakwaruza kuta zake. Kisha plagi zote nne zifunguliwe. Bila plagi, injini huzunguka kwa urahisi kwa mkono.

Kifuniko cha roka kisafishwe kwa nje, halafu kifunguliwe taratibu. Kikiwa kimenata, kigongwe kidogo kwa mpini wa nyundo wa mbao. Kisichokolewe kwa bisibisi, kwani alumini hukwaruzika na baadaye oili huvuja.

Kutambua valvu na mahali pa kupimia

Valvu ya kuingiza ni ile iliyo sambamba na mrija unaotoka kwenye kabureta. Valvu ya kutoa iko sambamba na mrija wa ekzosi. Katika Peugeot hii, silinda ya kwanza huhesabiwa kutoka upande wa gurudumu tegemeo, karibu na dashibodi, wala si upande wa feni kama ilivyo katika magari mengi ya Japani. Silinda huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2.

Kila mwanya hupimwa valvu ikiwa imefungwa na uvimbe wa kamshafti ukiwa mbali nayo. Ili kuhakikisha hilo, injini huzungushwa polepole kwa spana kwenye nati ya puli, kwa kufuata upande ambao injini huzungukia kwa kawaida, hadi valvu fulani ya kutoa ifunguke kabisa. Kisha valvu mbili nyingine hupimwa, kwa utaratibu huu:

Valvu ya kutoa ya silinda ya 1 ikiwa wazi kabisa, ipimwe valvu ya kuingiza ya silinda ya 3 na ya kutoa ya silinda ya 4.

Valvu ya kutoa ya silinda ya 3 ikiwa wazi kabisa, ipimwe ya kuingiza ya silinda ya 4 na ya kutoa ya silinda ya 2.

Valvu ya kutoa ya silinda ya 4 ikiwa wazi kabisa, ipimwe ya kuingiza ya silinda ya 2 na ya kutoa ya silinda ya 1.

Valvu ya kutoa ya silinda ya 2 ikiwa wazi kabisa, ipimwe ya kuingiza ya silinda ya 1 na ya kutoa ya silinda ya 3.

Kwa njia hii valvu zote nane hupimwa krankishafti ikizunguka mara mbili pekee. Utaratibu huu haubadiliki hata mtu akihesabu silinda kutoka upande wa feni, mradi asichanganye hesabu katikati ya kazi.

Pima kwanza, rekebisha baadaye

Kosa linalofanywa na wengi ni kulegeza nati mara tu kifuniko kinapofunguliwa. Mianya yote minane inafaa kupimwa na kuandikwa daftarini jinsi ilivyokutwa, kabla ya skrubu yoyote kuguswa. Takwimu hizo ndizo ushahidi wa afya ya injini, na zikishabadilishwa haziwezi kurejeshwa.

Kijibamba hupitishwa kati ya ncha ya roka na mkia wa valvu. Kipimo sahihi ni pale kijibamba kinapopita kwa kukwama kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu chembamba. Mwenye shaka atumie vijibamba viwili. Kilicho chembamba zaidi ya kipimo kipite bila kizuizi, na kilicho kinene zaidi kikatae kuingia.

Ikiwa mwanya si sahihi, nati hulegezwa kwa spana huku skrubu ikishikwa kwa bisibisi. Skrubu huzungushwa kidogo kidogo, kijibamba kikiwa mahali pake, hadi mkwamo ule mwepesi uhisike. Kisha nati hukazwa huku bisibisi ikizuia skrubu isisogee.

Baada ya kukaza, mwanya hupimwa tena. Hatua hii isirukwe, kwa sababu kukaza nati huisogeza skrubu kidogo, na katika vipimo vya sehemu ya kumi ya milimita, kidogo hicho ni kingi. Mafundi wazoefu hurudia mara mbili au tatu kwa valvu moja bila kuona haya. Mwishoni, injini izungushwe mara mbili kamili na mianya yote ihakikiwe upya.

Iwapo mtu hana budi kukosea, ni afadhali akosee kwa kuacha mwanya mpana kidogo kuliko kuubana. Mwanya mpana utamkera kwa kelele. Uliobana utamharibia valvu.

Roka iliyochimbika

Injini ya umri mkubwa ina mtego wake. Ncha ya roka iliyogonga mkia wa valvu kwa miaka mingi huchimbika kishimo. Kijibamba, kwa kuwa ni kipana na kimenyooka, hulala juu ya kingo za kishimo hicho kama daraja juu ya mto. Hapo geji husoma milimita 0.25, kumbe mwanya halisi katikati ya kishimo ni mkubwa zaidi.

Hii ndiyo sababu baadhi ya injini huendelea kugonga hata baada ya kurekebishwa kwa uangalifu. Tiba yake ni kutumia kijibamba chembamba kwa upana kinachoweza kuingia kishimoni, au geji ya mshale inayopima msogeo wa roka wenyewe. La kudumu zaidi ni kuzifungua roka na kuzipeleka kwa fundi wa mashine ili ncha zake zisawazishwe, au kununua nyingine. Kukaza skrubu zaidi ya kipimo si tiba.

Kufunga na kuwasha

Kingo za kifuniko zipanguswe vizuri, gasketi mpya iwekwe, na nati zikazwe kwa zamu bila nguvu za kupita kiasi. Plagi zianzwe kwa vidole hadi zishike uzi ndipo spana itumiwe, kwa sababu kichwa cha alumini hupoteza uzi wake kwa urahisi. Waya za plagi zirudishwe kwa kufuata alama, kisha betri iunganishwe. Spana iliyotumiwa kwenye puli iwe imeondolewa.

Injini iwashwe na iachwe ipate joto huku kingo za kifuniko zikichunguzwa kama zinavuja oili. Sauti nyepesi ya mtatariko ni ya kawaida katika injini ya aina hii na haifai kumtia mtu wasiwasi.

Kuyasoma maandishi ya daftari

Mianya iliyokutwa mipana kidogo na kwa kiasi kinachofanana huonyesha uchakavu wa kawaida. Mmoja ukiwa mpana mno kuliko mingine, pushirodi, roka na uvimbe wa kamshafti wa valvu hiyo ukaguliwe.

Valvu iliyokutwa imebana ndiyo ya kufuatiliwa. Baada ya kurekebishwa, ipimwe tena gari likitembea kilomita 1,000 hivi. Ikiwa imebana upya, basi valvu inazama kwenye kikalio chake, na hakuna skrubu itakayozuia jambo hilo. Kichwa cha silinda hakina budi kufunguliwa na kikalio kushughulikiwa, na ni nafuu kulifanya hilo kabla valvu haijaungua kuliko baadaye.

Valvu iliyokwisha kuungua nayo haiponi kwa kurekebishwa mwanya. Ikiwa injini bado inatetemeka au silinda moja haifanyi kazi, mgandamizo wa kila silinda upimwe kwa geji maalumu. Silinda yenye mgandamizo hafifu hutiwa oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni ndizo zimechakaa. Ukibaki pale pale, lawama huelekea kwa valvu, au gasketi ya kichwa.

Ikumbukwe pia kwamba kila mara kichwa cha silinda kinapofunguliwa au bolti zake kukazwa upya, mianya hubadilika na ni lazima ipimwe tena. Bolti za kichwa hutangulia, valvu hufuata.

Magari mengine

Si kila injini hurekebishwa hivi. Honda Fit ya kizazi cha kwanza, yenye injini ya L13A au L15A, hutumia skrubu na nati. Mwanya wa kuingiza ni kati ya milimita 0.15 na 0.19, na wa kutoa ni kati ya 0.26 na 0.30, injini ikiwa baridi.

Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, inayopatikana katika magari mengi ya Probox, haina skrubu. Mwanya wake ni 0.15 hadi 0.25 kwa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 kwa kutoa. Kupima kunawezekana nyumbani, lakini kurekebisha kunahitaji kuondoa kamshafti na kubadilisha vikombe vinavyokaa juu ya valvu kwa vingine vya unene tofauti. Kosa dogo katika kurudisha mnyororo wa kamshafti linaweza kuvuruga injini nzima. Kwa hivyo, mwenye gari apime, aandike, kisha ampelekee fundi takwimu hizo.

Kuna pia injini zenye tapeti zinazojirekebisha kwa shinikizo la oili. Hizo hazina mwanya wa kupimwa, na kelele yake huwa dalili ya oili chafu, oili iliyopungua au tapeti iliyochoka.

Kwa vyovyote vile, kipimo kinachofaa kufuatwa ni kile kilichochapishwa na kampuni iliyounda injini husika. Vipimo vya gari la jirani, hata liwe la rangi na umbo moja, huenda ni vya injini tofauti.

Gharama ya fila geji na gasketi moja haikaribii ile ya kusaga vikalio na kununua valvu mpya. Mwenye gari kuukuu anayehifadhi daftari lake na kulinganisha takwimu za kila upimaji atajua mapema ni valvu ipi inayozama, na atachagua mwenyewe siku ya kuifungua injini badala ya kulazimishwa kuifungua kando ya barabara.